Fahamu: Sarafu ya fedha ilivyobeba siasa hadi Kilosa

Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa mwaka 1898, mkulima wa Kilosa alikuwa na sababu ya kuitafuta rupia ya Kijerumani. Upande mmoja wa sarafu hiyo ya fedha alikuwapo Kaiser Wilhelm II, kofia ya vita kichwani na tai juu yake. Maneno yaliyomzunguka yalikuwa ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR.

Kwa nini Kilatini, katika nchi ya Wasagara? Huenda ni kwa sababu Wajerumani walijiona warithi wa Roma. Huko Roma pia sarafu ilibeba siasa: mwaka 44 KK Julius Caesar aliweka sura yake kwenye dinari akiwa hai, jambo ambalo Roma haikulizoea. Miaka kama miwili baada ya kumuua, Brutus naye akatoa ya kwake: majambia mawili na, katikati, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Sijui tangazo la mauaji lililo wazi kuliko hilo.

Tukirudi Afrika Mashariki, pesa, sarafu ndogo ya shaba ya DOAG, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ilikuwa na ujanja zaidi. Upande mmoja iliandikwa kwa Kiarabu, maandishi ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiyasoma tayari.

Mwaka 1966 Tanzania ikajibu kwa shilingi yenye sura ya Rais Nyerere na, upande wa pili, mwenge wa uhuru. Leo sarafu ya shilingi 200 ina Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, na simba. Ile ya 500 ina Karume na nyati. Huko Mikumi, karibu na Kilosa, hifadhi ya taifa tangu 1964, wanyama hao wote wawili wapo.