Vipande vya DNA na Programu Zinazoviunganisha

Mashine ya kusoma DNA haisomi kromosomu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hutoa vipande. Mashine zilizoenea zaidi hutoa vipande vya herufi 150 hivi, ilhali jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 na ushei. Kuvirudisha vipande mahali pake ni kazi ya programu, na kwa maoni yangu mashine zimesifiwa mno huku programu zikisahauliwa.

Njia ya kwanza kumjia mtu akilini ni kulinganisha kila kipande na kila kingine ili kuona vipi vinapishana. Vipande milioni 1 tu huzaa jozi karibu bilioni 500! Mwaka 2001 Pavel Pevzner na wenzake walionyesha njia nyepesi: kila kipande kikatwe tena kuwa vijineno vya urefu mmoja, tuseme herufi 31, kisha kompyuta ichore mtandao wa vijineno vinavyofuatana. Kijineno kilichojitokeza mara elfu huhifadhiwa mara moja. Velvet, programu ya mwaka 2008, ilijengwa juu ya wazo hilo.

Likabaki tatizo la marudio. Mfuatano uitwao Alu, wenye herufi 300 hivi, umo katika jenomu yetu zaidi ya mara milioni 1. Ukikata wimbo wa taarabu vipande vipande, kipande kilichoangukia ndani ya kiitikio hakikuambii kilifuata ubeti wa pili au wa tano. Unahitaji kipande kinachoanzia kwenye ubeti, kikapita kiitikio chote, kikaingia ubeti unaofuata.

Vipande virefu vikaja, vya maelfu ya herufi, ila mwanzoni vilikuwa na makosa 10 hadi 15 katika kila herufi 100. Programu ya Canu, ya mwaka 2017, ilivisahihisha kwanza kwa kuvipambanisha vyenyewe kwa vyenyewe, na ili isilemewe ilitazama alama chache zilizoteuliwa kutoka kila kipande. Usomaji uliposafika hadi kosa 1 hivi katika herufi 1,000, usahihishaji huo ukageuka hatari. Tumerithi nakala mbili za jenomu, ya mama na ya baba. Programu iliyozoea kufuta tofauti ilifuta na zile za kweli. Hifiasm, iliyotolewa mwaka 2021 na Haoyu Cheng, Heng Li na wenzao, inazitunza. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Jenomu kamili ya binadamu ilichapishwa mwaka 2022, ikiziba asilimia 8 iliyokuwa imeachwa wazi. Hata hivyo, zilitumika seli ambazo nakala zake mbili zinafanana, na mafundo mengi ya mtandao yalifunguliwa na watu, si kompyuta. Mwaka uliofuata programu iitwayo Verkko ikafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo yenyewe.

Kwetu pia matunda yapo. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi, walichapisha jenomu ya fiwi, ile njahi ya Wakenya, ikiwa imepangwa katika kromosomu zake 11. Vipande virefu vilisomwa kwa kifaa kinachoenea kiganjani.

Canu, Hifiasm na Verkko hutolewa bure. Mwanafunzi anayetaka kujaribu aanze na bakteria: jenomu yake ya herufi milioni chache huunganishwa hata kwenye kompyuta ya kawaida.