Hatakuja au atakuja?

Maramba, wilayani Mkinga, Kiswahili kinaandikwa na watu wa kila asili. Wapo Wadigo na Wasambaa, wapo ambao wazee wao walifuata kazi ya mkonge wakabaki, na kambi ya JKT hupokea vijana kutoka mikoa ya mbali. Mchanganyiko huo huzaa makosa ya uandishi, na makosa huzaa hasira. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hasira hizo inaelekezwa kusikostahili.

Wengi hukimbilia l na r. Kijana akiandika "mchere" atachekwa mchana kutwa. Lakini Mkurya, kwa mfano, lugha yake ya nyumbani haina l. Mkono wake umefuata sikio lake, na "kilo mbili za mchere" hazimpotezi muuza duka. Asahihishwe, hasa anapochanganya kura na kula, ila asidharauliwe. Sanifu yenyewe ni lahaja iliyoteuliwa: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ikasimamia tahajia yake. Hata mzungumzaji wa Kimtang'ata, Mswahili wa pwani hii hii ya Tanga, ilimbidi aisomee.

Herufi ninayoitetea kwa ukali ni h. Mwanzoni mwa kitenzi ndiyo inayobeba ukanushi: atakuja, hatakuja, utalipa, hutalipa. Ukiidondosha, umegeuza "siyo" kuwa "ndiyo".

Sasa iongezee kosa linaloniudhi kuliko yote, la kukata kitenzi vipande. Unapokea ujumbe kwenye simu: "Fundi kesho ata kuja." Je, atakuja? Au mwandishi ameacha h, na fundi hatakuja? Au alitaka kusema "hata kuja" hawezi, akakatiza sentensi? Umenunua saruji, umeita vibarua, na hujui uwaambie nini.

Kiambishi cha nafsi na cha wakati havisimami peke yake. Vinashikamana na mzizi. Kibao kikisema "Tuna uza unga", jicho linasoma kwanza "tuna", yaani tunacho kitu, kisha linakwama. Barua ya kazi ikianza "Na kuomba", msomaji anatafuta sentensi iliyotangulia. Na kosa hili halina lugha ya mama ya kusingiziwa, kwani kila mtu hutamka "nakuomba" kwa mkupuo mmoja. Ni la mkono tu, na mwalimu wa darasa la tatu anaweza kulimaliza. Wanaokata vitenzi ndio hao hao wanaounganisha "kwasababu" na "kwahiyo", ambayo ni maneno mawili mawili.

Kuhusu "lisaa limoja" na "masaa mawili", wanaosonya wana haki: saa ni kama nyumba, umoja na wingi havibadiliki. Ila tuone kinachowasukuma watu huko. "Nilimsubiri saa mbili" inaweza kuwa muda wa kusubiri, au saa mbili asubuhi. Wasemaji wamehisi pengo hilo wakaliziba kwa ma-. Sanifu inalo jibu lake: andika "kwa muda wa saa mbili", na kama ni wakati wa siku, taja asubuhi au usiku.