KWARARA NI MSAIDIZI WA MKULIMA

Kila mkulima wa Nyarubungo anamjua kwarara kwa kelele zake za alfajiri na jioni. Ni ndege wa rangi ya kahawia na kijivu, mwenye mabawa yanayong'aa kijani juani na mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Ndugu yake, kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi, hupenda zaidi mabwawa na kando ya mito.

Watu wengine humfukuza kwa kuwa humwona akitoboa-toboa shamba la maharagwe. Hudhani anakula mbegu. Sivyo. Anatafuta funza wa mende, viwavi, nyenje, konokono na nyungunyungu. Ncha ya mdomo wake ina vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu, navyo humwezesha kuhisi mdudu anayetikisika ndani ya udongo bila kumwona. Udongo wenye unyevu humfaa zaidi, ndiyo sababu hupenda migomba iliyowekwa matandazo.

Funza weupe hula mizizi, na sota hukata miche usiku. Kiwavi jeshi vamizi, aliyeonekana barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, akishakula mahindi hushuka ardhini na kugeuka bundo, sentimita 2 hadi 8 chini. Mdomo wa kwarara hufika huko. Ni kweli kwamba hula pia nyungunyungu, ambao wana faida, na peke yake hawezi kumaliza wadudu. Lakini kazi yake haikugharimu hata senti moja.

Basi mkulima afanye hivi:

1. Kabla ya kumlaumu, chimba pale alipotoboa. Ukikuta funza, umejua adui yako ni nani.

2. Kitalu chenye miche michanga kifunike kwa matawi, maana huweza kuing'oa anapochokoa udongo.

3. Usinyunyize dawa ya sumu bila shauri la Bwana Shamba. Ndege akila wadudu wenye sumu, huweza kufa yeye pia.

4. Waonye watoto wasimpige kwa manati wala kuvunja kiota chake. Kwa kawaida jike hutaga mayai 2 au 3 tu, kwa hiyo kiota kimoja kikiharibiwa ni hasara kubwa.

5. Bakiza miti mikubwa karibu na shamba, apate mahali pa kulala.

Ukimwua kwarara, funza watabaki nawe.