Homa ya Mpakani na Mashine Yenye Akili

Baina ya jabali la Tororo na kivuko cha Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako wagonjwa huvuka mpaka kufuata upande wenye dawa siku hiyo au wenye jamaa wa kuwauguza, matabibu hawana swali walilolizoea kuliko hili: je, homa hii ni malaria? Swali ni jepesi ulimini, walakini jawabu lake si jepesi hata kidogo, na maadam akili mnemba imekwisha kuanza kuingia mahospitalini ili kulijibu, yafaa tutazame ni lipi hasa awezalo kuachiwa mashine, mtumishi huyo mpya, na ni lipi lililobaki shingoni mwa binadamu.

Mpimaji wa maabara hutandaza tone la damu juu ya kioo, akalitia rangi, kisha akainamia hadubini kutafuta vijiduara vya zambarau vyenye nukta, uwanja baada ya uwanja, hata mia. Na macho ya mwanadamu, ambaye tangu asubuhi hajapumzika, huchoka. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipobuni njia ya kuifunga simu ya mkononi kwenye lenzi ya hadubini, na kuifunza programu kwa picha za damu zilizotiwa alama na wapimaji wenye ujuzi, hata ikaweza kuonyesha vimelea vilipo. Mashine haichoki, ni kweli, ila chembe ya rangi iliyoganda yaweza kuihadaa, na kwa hiyo jicho la mpimaji halijaachishwa kazi.

Lakini tuseme mashine imeona sawasawa. Huko Nagongera, wilayani Tororo, watafiti walikadiria katika miaka ya 2011 na 2012, kabla nyumba hazijaanza kupuliziwa dawa, kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 310 kwa mwaka, ilhali Walukuba, mjini Jinja, hakufikia hata mara 3. Mtu aliyekulia mahali kama Nagongera aghalabu hujenga kinga, akatembea na vimelea damuni bila kuugua. Basi mtoto akiletwa na homa, na vimelea vikaonekana, huenda maradhi yanayomuua ni nimonia au homa ya uti wa mgongo, na tabibu aliyeridhika na jawabu la simu akamrudisha nyumbani na tembe za malaria. Mashine imesema kweli, na mtoto amekosa tiba. Jawabu lile lile, likitolewa Jinja, lingekuwa na uzito mwingine kabisa.

Jambo hili si la malaria pekee. Machi 2021, Shirika la Afya Duniani liliridhia programu zisomazo picha za eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Nazo hutoa alama tu, na kila nchi sharti iamue alama ipi itoshe kumpeleka mtu kupimwa makohozi. Aliyewahi kuugua zamani hubaki na makovu mapafuni, na makovu hayo huipa mashine wasiwasi bure.

Habari ya kutia moyo imetoka Nairobi, ambako mwanzoni mwa mwaka 2025 zahanati 15 za Penda Health zilijaribu, kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI, msaidizi wa akili mnemba anayemwashia tabibu taa ya kijani, manjano au nyekundu anapoandika. Katika mahudhurio 39,849 ya wagonjwa, madaktari waliokagua sehemu ya majalada waliona makosa ya utambuzi yamepungua kwa asilimia 16 na ya tiba kwa asilimia 13. Hata hivyo, haikudhihirika kwamba wagonjwa wenyewe walipona zaidi, na OpenAI, mwenye kuiuza akili mnemba hiyo, alikuwa miongoni mwa waliopima ubora wake, jambo ambalo mimi silipuuzi. Tena matabibu walihitaji kufundwa na kukumbushwa, kwani hapo awali taa nyekundu nyingi ziliachwa vivi hivi.

Ama siri ya mgonjwa, hiyo ni amana. Kenya na Uganda zote zina sheria za mwaka 2019 za kulinda taarifa za watu, na kila moja humpa mtu kinga dhidi ya kuamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Muuguzi aandikaye jina la mgonjwa na hali yake ya virusi vya Ukimwi ndani ya programu ya simu yake, ili apate ushauri wa haraka, amekwisha kuipeleka siri ile mbali kuliko mpaka wowote aujuao.

Mgonjwa wa huku, avukapo, aghalabu hubeba daftari la shule lililoandikwa matibabu yake, kwani kompyuta ya hospitali moja haina habari za nyingine. Humo ndimo ningependa tabibu aandike mashine ilisema nini, yeye aliamua nini na kwa sababu gani, kisha atie jina na sahihi yake, ili mwenzake wa ng'ambo, akimpokea mtoto yule yule siku ya tatu akiwa bado ana homa, ajue aanze kutafuta wapi.