Somo la Kiingereza: Herufi B Katika Soko la Owino

MUZIKI WA KUFUNGUA. SAUTI ZA SOKO: WACHUUZI WAKIITA WATEJA, PIKIPIKI, WABEBA MIZIGO WAKIOMBA NJIA. SAUTI ZINASHUKA.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, popote ulipo, iwe Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kakuma au Nyarugusu, hili ni somo letu la Kiingereza. Na wewe uliyeshika karatasi hii mkononi, usisome kimyakimya. Soma kwa sauti, maana neno la Kiingereza halijawa lako mpaka mdomo wako ulizoee.

Leo tunajifunza majina ya vitu yanayoanza na herufi B. Hatutayatafuta kwenye kamusi. Twende Kampala, katika soko la Owino.

Kila mtu mjini analijua kwa jina hilo. Lakini kwenye karatasi na mabango utakuta jina jingine: St. Balikuddembe. Ni jina la Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa wafia dini wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1885. Kwa hiyo ukimwambia dereva "Owino", atakupeleka, na ukifika ukasoma "Balikuddembe", usidhani umepotea.

Soko hili lilianzishwa mwaka 1971, karibu na uwanja wa michezo wa Nakivubo. Linajulikana sana kwa nguo za mitumba, ambazo Waganda huziita mivumba. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kusafiri ndani ya nchi, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anaweza kufika hapa, akanunua mzigo na kwenda kuuza.

Sasa, kwa nini herufi B? Ni kwa sababu ya fedha yako.

Mitumba hufika ikiwa imebanwa na kufungwa katika marobota. Robota kubwa mara nyingi lina uzito wa kilo 45. Anayenunua kwa jumla hulipa kabla ya kulifungua. Haoni nguo, anaona lebo tu, na lebo imeandikwa kwa Kiingereza. Ukitaka blauzi ukabeba mablanketi, robota likishakatwa kamba halirudishwi. Neno moja limekula mtaji wako.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO YA KWENYE LEBO

MTANGAZAJI: Sema pamoja nami. Kila neno mara tatu.

"Bale". Tamka beil. Ni robota lenyewe, ambalo wengine huliita belo. Angalia herufi E iliyo mwisho: haisikiki. Kazi yake ni kuifanya A isomeke kama ei.

"Bag". Ni begi, mkoba au mfuko. Sauti yake ya kati iko katikati ya A na E yetu.

"Belt". Ni mkanda wa kiunoni.

"Blanket". Ni blanketi.

"Blouse". Tamka blauz. Ni blauzi.

"Boot". Tamka buut, kwa U ndefu. Ni buti. Kwa kuwa huvaliwa mawili, lebo itaandika "boots".

"Bra". Ni sidiria. Lebo nyingine huandika neno refu, "brassieres". Kitu ni kilekile.

"Baby". Tamka beibi. Ni mtoto mchanga. Ukiona "baby wear", humo ndani mna nguo za watoto wachanga.

"Bedsheet". Tamka bedshiit. Ni shuka la kitanda. Hapa tafadhali ivute hiyo I. Ukiifupisha, neno linageuka tusi, na watu watacheka badala ya kukuonyesha mashuka.

Kuna jambo moja zaidi kwenye lebo. Wakati mwingine utaona herufi A au B ikisimama peke yake, karibu na neno "grade". Hilo ni daraja la ubora. A ni daraja la kwanza, B ni la pili. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, soma mambo mawili: ni nguo gani, na ni daraja gani. Kama huoni vizuri, uliza: "Which grade is this bale?" Maana yake, robota hili ni la daraja gani?

SEHEMU YA PILI: MANENO UNAYOYAJUA TAYARI

MTANGAZAJI: Huenda unasema moyoni, mimi Kiingereza sijui hata kidogo. Si kweli. Kiswahili kimekwisha kukukopea maneno mengi. Kilichofanyika ni kuyaongezea irabu, kwa sababu neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Ukiondoa irabu hiyo ya mwisho, mara nyingi Kiingereza kinajitokeza.

Belti, ondoa I: "belt".
Blanketi, ondoa I: "blanket".
Benki, ondoa I: "bank".
Brashi, ondoa I: "brush".
Biskuti, ondoa I: "biscuit".
Balbu, ondoa U: "bulb".
Beseni, ondoa I: "basin". Tamka beisn.
Bili, ondoa I: "bill".

Tahajia hubadilika, nayo itakubidi uikariri. Lakini sauti unayo tayari.

Tahadhari: njia hii haifai kwa kila neno. Barua haikutoka kwenye Kiingereza, ina asili ya Kiarabu, na kwa Kiingereza ni "letter". Bendera tuliipata kwa Wareno, na kwa Kiingereza ni "flag". Na neno bei, ambalo sokoni hulisikia kila dakika, kwa Kiingereza ni "price". Ukisikia muuzaji anasema "buy", likatamkwa bai, hataji bei. Anakuambia ununue. Anayenunua ni "buyer".

SEHEMU YA TATU: KIMOJA NA VINGI

MTANGAZAJI: Kiswahili huweka wingi kichwani mwa neno: kitu, vitu, mkanda, mikanda. Kiingereza huuweka mkiani, kwa herufi S.

"One bag, two bags."
"One belt, five belts."
"One bale, three bales."

Neno likiishia na sauti ya S au SH, ongeza ES: "bus, buses"; "brush, brushes". "Baby" nalo hubadilisha Y: "babies".

Usiidharau hiyo S. Ukisema "bag" muuzaji atafunga moja. Ukisema "bags" atakuuliza ngapi.

SEHEMU YA NNE: MANENO YANAYOPOTOSHA

MTANGAZAJI: Sehemu hii sikilizeni hasa ninyi mliotoka Kongo na Burundi, mliosoma Kifaransa. Kuna maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura, lakini tabia ni nyingine.

La kwanza ni "ballot". Kwa Kifaransa hutamkwa balo, nalo ni robota la nguo. Kwa Kiingereza ni karatasi ya kupigia kura. Ukiulizia "ballot" pale Owino, watashangaa uchaguzi umetoka wapi. Sema "bale".

La pili ni "bureau". Kwa Kifaransa ni ofisi au meza ya kuandikia. Kampala utaliona kwenye mabango ya "forex bureau", yaani duka la kubadilisha fedha za kigeni. Ukitafuta ofisi, uliza "office".

La tatu ndilo kubwa: "balance". Kwa Kifaransa ni mizani. Kwa Kiingereza cha benki ni salio. Lakini kwa muuzaji wa Kampala, "balance" ni chenji, fedha unayorudishiwa. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuambiwa "wait for your balance" akadhani anaelekezwa kwenye mizani, akaondoka akiwa ameacha shilingi zake. Mizani yenyewe kwa Kiingereza ni "scale".

Sikiliza mazungumzo haya, kisha uyasome na jirani yako, mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi.

SAUTI ZA SOKO ZINAPANDA KIDOGO.

MNUNUZI: Good morning, nnyabo. How much is this bag?

MUUZAJI: Fifteen thousand, boss.

MNUNUZI: Here is twenty thousand.

MUUZAJI: Thank you, boss.

MNUNUZI: My balance, please. Five thousand.

MUUZAJI: Yes, boss. Here is your balance.

SAUTI ZA SOKO ZINASHUKA.

MTANGAZAJI: Mnunuzi aliuliza begi ni shilingi ngapi, akaambiwa 15,000. Akatoa 20,000. Kisha akadai chenji yake, 5,000, kwa adabu na kwa kuitaja kiasi chake. Neno "nnyabo" ni la Kiganda, la kumheshimu mama. Mwanamume huitwa "ssebo". Hata ukiwa na Kiingereza kidogo, salamu nzuri hukufungulia mlango. Na huyo "boss" si mkubwa wako wa kazi. Ni namna ya wachuuzi kumvuta mteja. Wakikuita hivyo, usiogope kwamba wamekudhania tajiri.

SEHEMU YA TANO: KAZI YA NYUMBANI

MTANGAZAJI: Si lazima ufike Kampala ili ujifunze. Tazama ndani ya nyumba yako, hata kama ni ya turubai. Blanketi ulilogawiwa ni "blanket". Ndoo ya maji ni "bucket". Maharagwe ya mgao ni "beans". Chupa ni "bottle". Kitanda ni "bed". Kitabu ni "book". Boksi ni "box". Ufagio ni "broom". Bakuli ni "bowl", tamka boul.

Chagua matano tu kwa siku. Kila ukikigusa kitu, kitaje katika sentensi nzima: "This is a bucket." Jioni, funga macho uyataje yote matano. Usipolikumbuka moja, kesho anza na hilo kabla ya kuongeza jipya. Kama una mtoto anayesoma shule, mwombe akusikilize na akusahihishe. Heshima ya mzazi haipungui kwa kufundishwa na mwanawe; mtoto naye anajifunza mara ya pili.

Kisha chukua kipande cha karatasi, au hata boksi la zamani, uandike lebo tatu za marobota: "BLOUSES", "BLANKETS", "BEDSHEETS". Zichanganye. Mwambie mwenzako akutajie nguo kwa Kiswahili, wewe uchague lebo yake. Fanya hivyo mpaka usikosee hata mara moja. Ni mchezo, lakini siku utakayosimama mbele ya robota lililofungwa, ukiwa na akiba yako yote mfukoni, mchezo huo ndio utakaokuongoza.

Katika kipindi kijacho tutaendelea na herufi C, na tutaanza na "clinic", "card" na "child", maneno unayoyahitaji unapompeleka mtoto hospitali. Kaa na kalamu karibu.

Mpaka wakati huo, msikilizaji, kwaheri.

MUZIKI WA KUFUNGA.