Miaka 7 Haimhamishi Mtoto

Haipiti wiki bila mzazi kuingia ofisini kwetu ustawi wa jamii na swali lilelile: "Dada, mwanangu ametimiza miaka 7. Nikamchukue lini?" Haulizi kama anaruhusiwa kumchukua. Anauliza lini, na pengine nauli ameshaiweka mfukoni.

Nijibu kwa maandishi, labda yatasambaa kuliko sauti yangu. Tanzania Bara hakuna sheria inayomkabidhi mtoto kwa baba kwa sababu ametimiza miaka 7. Kifungu kinachopotoshwa ni cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kinasema tuchukulie kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Hiyo ni dhana, na inapingika kwa ushahidi: mama anayemtesa mtoto au kumtelekeza kwa majirani hakingwi na udogo wa mwanawe. Upande wa pili, kwamba baada ya hapo mtoto ni wa baba, watu wameuongeza wenyewe. Haumo. Mtoto akifika umri huo dhana ile inakoma, na wazazi wote wawili wanasimama sawasawa mbele ya hakimu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kifungu hichohicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Watu wanakishika kifungu kinachoonya juu ya kumhamisha mtoto, wanakwenda nacho kumhamisha. Na wapo viongozi wa mtaa wanaowaitikia.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inatanguliza masilahi ya mtoto. Umri umo kwenye orodha ya mambo ya kupimwa, lakini haumo peke yake: ndugu wasitenganishwe, malezi yasikatizwe, na maoni ya mtoto yasikilizwe iwapo ameyatoa kwa hiari yake.

Kwa hiari yake: hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu. Mahakama ikituagiza uchunguzi wa kijamii, tunazitembelea nyumba zote mbili na kuzungumza na mtoto faraghani. Mvulana mmoja wa darasa la pili aliniambia, macho yakiwa sakafuni, "Nataka kukaa na baba kwa sababu ana uwezo wa kunipatia mahitaji ya msingi." Mtoto wa darasa la pili haongei hivyo. Nikaliacha swali la baba na mama, nikamuuliza nani humwamsha kwenda shule, nani hukagua daftari lake la hesabu, akiumwa usiku humwita nani. Mara zote tatu akasema, "Bibi." Bibi mzaa mama, ambaye jina lake halikuwa limeandikwa popote kwenye jalada, si kwa maombi ya baba wala kwa majibu ya mama. Watu wazima wawili walikuwa wakigombania malezi yanayofanywa na mtu wa tatu. Tukalipeleka hilo mbele ya hakimu, maana mtoto hana wa kumsemea asipokuwa yule aliyekwenda kumsikiliza.

Na wewe unayesema, "Nina kipato kuliko yeye," kipato hicho kinakuongezea wajibu wa kutoa matunzo. Hakikununulii mtoto.

Cha kufanya ni hiki. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Wengi wanakubaliana hapo. Kama shauri la talaka liko mahakamani, suala la mtoto liombe humohumo. Kama hamkuoana, nenda Mahakama ya Watoto. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Ukinyimwa kumwona mwanao, omba amri ya kumtembelea, hata bibi aliyekuwa akimlea anaweza kuomba. Huna fedha za wakili? Ulizia watoa msaada wa kisheria, wanatambuliwa kwa sheria ya 2017. Usimvizie mtoto getini mwa shule ukaondoka naye: kumwondoa mtoto kwa mtu anayekaa naye kihalali kumekatazwa. Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya 2011, waulizeni maafisa wa huko. Na mtoto akiwa anapigwa, ananyimwa chakula au anafanyiwa ukatili wa kingono, usingoje tarehe ya kesi. Piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo.