Jengo moja, ploti mbili: Chunga mpaka kabla ya kujenga

Ukizuru mitaa ya Dandora, Umoja, Huruma au Pipeline kule Eastlands, Nairobi, bila shaka utaona jinsi majumba ya orofa yalivyosongamana. Mengine yameshikana ukuta kwa ukuta hivi kwamba mpangaji huwasha taa saa sita mchana. Na mengine, ukichunguza vyema, ni jumba moja lililokalia ploti mbili au tatu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mradi wa Dandora ulipoanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa na ploti zipatazo 6,000, nyingi za mita mraba kati ya 100 na 160. Mwenye ploti alipata choo na bafu, kisha akatarajiwa kujenga vyumba vya familia yake polepole kadiri ya uwezo wake. Mpango ule haukuwa wa majumba ya orofa saba. Hivyo basi, anayetaka kuinua jumba kubwa leo hununua ploti ya jirani au hushirikiana naye. Hapo ndipo taabu huanzia.

Sheria huona nini?

Wewe msomaji waona jengo, lakini sheria huona ploti kwanza. Ramani ya nyumba hupitishwa kwa nambari ya ploti. Nafasi ya kuachwa wazi pembeni, sehemu ya ardhi inayoruhusiwa kufunikwa na idadi ya orofa, yote hupimwa kuanzia mpakani. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitumika kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya za kitaifa kuanza kutumika Machi 2025, lakini bikoni bado ndipo pa kuanzia.

Tuseme ndugu wawili wana ploti zinazopakana. Wanajenga jumba moja: ngazi ziko upande wa kaka, tangi la maji liko upande wa mdogo wake. Maadamu wanaelewana, kodi hugawanywa kila mwisho wa mwezi. Je, mmoja akifariki na watoto wake wakauza? Au akishindwa kulipa deni na benki ikapiga ploti mnada? Kisheria jengo hufuata ardhi. Mnunuzi atapata nusu ya jumba lisilo na ngazi, naye aliyebaki atakuwa na ngazi bila maji. Kesi ya namna hiyo yaweza kuwamaliza wote wawili.

Hatari ya moto

Jambo la pili ni usalama. Baada ya moto mkubwa wa London mwaka wa 1666, sheria ya 1667 iliagiza nyumba zijengwe kwa matofali au mawe na kuta za kutenganisha majirani ziwe imara. Sababu ni kwamba moto haujui mpaka. Huko Marekani, kanuni zinazotumika sana husema kwamba ukuta ulio mpakani kati ya majengo yaliyoungana uwe wa kuzuia moto, usio na mlango wala dirisha. Miaka ya karibuni zimelegezwa kidogo: jumba lililokatwa na mpaka laweza kuhesabiwa kuwa moja, mradi ukubwa wake wote ujumlishwe, na ziwepo hati za kuruhusu kila upande kufikia mitambo ya kuzima moto.

Hapa kwetu, mpaka si wa jirani peke yake. Jumba la orofa sita lililoporomoka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua watu wapatao 50, lilikuwa ukingoni mwa mto na lilikuwa limeorodheshwa libomolewe. Waliolipia uzembe huo ni wapangaji.

Ufanye nini?

Kwanza, muite mpima ardhi aonyeshe bikoni kabla ya kuchimba msingi. Kung'oa alama ya mpaka ni hatia.

Pili, unganisha ploti kabla ya kuchorewa ramani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 humruhusu msajili kufunga rejista za ploti zinazopakana na kufungua moja mpya, mradi mwenyewe awe ni yule yule na ploti zote ziwe na haki na masharti sawa. Ikiwa moja ina deni la benki na nyingine haina, maliza jambo hilo kwanza. Na kama una cheti cha hisa au barua ya kugawiwa tu, hakuna rejista ya kuunganisha, tafuta hatimiliki.

Tatu, ikiwa ni ushirika, sajilini ploti zote kwa jina la pamoja au la kampuni. Jengo likikamilika, sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo huwezesha kila mmoja kupata hati ya nyumba zake mwenyewe.

Nne, pata idhini ya kaunti na usajili mradi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Nawe mpangaji usikae kimya. Kabla ya kulipa kodi, uliza: nikikimbia moto usiku, ngazi nitakazopitia ni za nani, na aweza kuzifunga?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jengo ni mali, na daftari lake liko katika ofisi ya ardhi.